Badilisheni fikra, sawa. Lakini kwa hatua zipi?

Mhariri,

Msimu wa wageni unapoisha hapa Malindi, hoteli zikapunguza wafanyakazi na kusi ikaanza kuwazuia wavuvi kutoka, ndipo semina nazo zinapoanza. Viti hupangwa ukumbini, maji ya chupa huwekwa mezani, kisha msemaji husimama na kuwaambia waliohudhuria kuwa adui yao ni fikra zao wenyewe. Wakizibadilisha, na maisha yatabadilika. Watu hupiga makofi, hula pilau, hutia sahihi karatasi ya nauli, wakarudi Maweni, Kisumu Ndogo, Mambrui na Gongoni na swali lile lile walilokuja nalo: kesho nianze na nini?

Swali hilo lina majibu, na majibu yenyewe si siri. Kufikiri vizuri wakati mambo yanabadilika ni ujuzi kama kushona jarife: una vipimo vyake, una utaratibu wake, na panajulikana mahali ambapo mwanagenzi hukosea. Hiyo ndiyo sehemu inayorukwa kwenye semina zetu.

Nianze na madai yenyewe. Wasemaji wengi hutegemea kazi ya Carol Dweck, mwanasaikolojia wa Marekani, anayesema kuwa mtu anayeamini uwezo wake unaweza kukua huvumilia kushindwa kuliko yule anayeamini kazaliwa na kiasi chake na basi. Wazo ni zuri na lina ushahidi, ila ushahidi huo una kimo chake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature uliwachukua wanafunzi wapatao 12,000 wa darasa la tisa huko Marekani, ukawapa mafunzo ya mtandaoni yasiyofika saa moja. Waliokuwa nyuma kimasomo walipanda kwa takriban 0.1 katika kipimo cha alama kinachoishia 4, na faida ilionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenzao nao hupenda kujaribu mambo magumu. Kwa kazi ya chini ya saa moja si haba. Lakini ni faida ndogo, tena ya watoto walio shuleni na walimu wao. Anayeahidi kuwa hotuba ya nusu saa itamgeuza mhudumu aliyeachishwa kazi kuwa mfanyabiashara anaahidi zaidi ya yale utafiti uliyoyaonyesha.

Mfano unaotufaa sisi uko Togo. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha matokeo ya wafanyabiashara wadogo 1,500 wa Lomé waliogawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza lilifunzwa biashara kwa njia iliyozoeleka: kuweka hesabu, kutafuta soko, kusimamia pesa. La pili lilifunzwa kujianzishia mambo, yaani kutafuta nafasi kabla haijaletwa, kufikiria vikwazo kabla havijafika, na kurudi kazini baada ya kuanguka. La tatu halikufunzwa kitu. Walipofuatiliwa kwa zaidi ya miaka miwili, faida ya kundi la pili ilikuwa juu kwa asilimia 30 kuliko ya wasiofunzwa. Kundi la kwanza lilipata asilimia 11, kiasi ambacho kwa hesabu za takwimu hakiwezi kutenganishwa na bahati tu. Kwa hiyo fikra ni muhimu kweli, pengine kuliko daftari la mapato na matumizi. Lakini tazameni ukubwa wa mafunzo yenyewe: saa 36 za darasani zilizotandazwa kwa wiki nne, kisha mkufunzi akawafuata watu kwenye biashara zao mara kwa mara kwa miezi kadhaa. Hapakuwa na hotuba moja na makofi.

Na kuna dai lingine linalorudiwa hadi limekuwa wimbo, kwamba watu wa pwani hawataki kubadilika. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia satelaiti Ngomeni katika miaka ya 1960, na chombo cha kwanza kikarushwa kutoka jukwaa lao la baharini mwaka 1967. Baadaye hoteli na nyumba zao zikajaa Malindi na Watamu. Wahudumu, manahodha, wachongaji na wauza madafu walijifunza Kiitaliano kwa sikio, wengi wao wakiwa watu wazima, baadhi hawakumaliza hata shule ya msingi. Hakuna aliyewahutubia juu ya fikra. Walikuwa na mambo matatu: haja ya kutumia lugha kila siku, mtu wa kuwasahihisha papo hapo, na malipo yaliyoonekana siku ile ile. Mpango wowote wa kujifunza jambo jipya ukikosa mawili kati ya hayo hufa, hata mwenye mpango awe na ari namna gani. Ningependa kila mwandalizi wa semina aulizwe: mafunzo yenu yana mangapi kati ya hayo?

Sasa hatua zenyewe. Mtu aliyepokea barua ya kuachishwa kazi, au aliyeambiwa diko lake, pale anaposhushia samaki, litafungwa, aanze na karatasi moja na dakika 20. Apige mistari miwili ya wima apate safu tatu. Ya kwanza: ninaloliweza mwenyewe wiki hii. Ya pili: ninaloliweza nikimwona mtu fulani, na jina la mtu huyo liandikwe pale pale. Ya tatu: lisilo mkononi mwangu. Kisha kila hofu iliyo kichwani iandikwe kwa sentensi moja katika safu yake.

Hapa hukosewa mambo matatu. La kwanza, watu huandika hofu kubwa mno. "Maisha ni magumu" haiingii safu yoyote. Ikatwe mpaka iwe na tarehe au kiasi: "Kodi ya nyumba 4,500 inatakiwa tarehe tano." Hofu yenye tarehe inaweza kushughulikiwa, isiyo na tarehe huzunguka kichwani usiku kucha. La pili, mambo mengi ya safu ya pili hutupwa ya tatu kwa sababu ya kuona haya. Kumwendea mwenye nyumba na kuomba kulipa mara mbili ni kazi nzito kwa mtu aliyezoea kuitwa bosi na wapangaji wenzake, basi anaandika "haiwezekani" mahali ambapo angeandika jina. Kila jambo la safu ya tatu liulizwe: je, hakuna hata mtu mmoja anayeweza kulisogeza?

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi, nalo ni kosa la wakufunzi. Safu ya tatu huchukuliwa kuwa takataka: "Achana na usiyoyaweza." Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria kutoka nje, na hazikurudi mpaka tarehe 1 Agosti. Hakuna mhudumu wa Malindi ambaye fikra zake zingetua ndege, na ni haki aambiwe hivyo waziwazi, asije akajibebesha lawama isiyo yake. Lakini yako mengi katika safu ya tatu ambayo mtu mmoja hayawezi na watu mia wanayaweza. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Wavuvi wa Lamu walioathiriwa na ujenzi wa bandari walikwenda Mahakama Kuu hapa Malindi, na mwaka 2018 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Wangalitii ushauri wa kubadili fikra tu, wangalibaki na fikra. Safu ya tatu basi ipelekwe kwenye kikao cha kamati ya ufuo, kwenye chama, kwa mwakilishi wa wadi. Isichomwe.

Baada ya karatasi huja maamuzi, na hapa lugha yetu yenyewe hutuponza. Mwenye kuogopa husema haraka haraka haina baraka. Mwenye papara husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Zote mbili ni kweli, na zote hutumiwa kuhalalisha jambo ambalo mtu keshaliamua moyoni. Kipimo kilicho bora ni swali hili: nikigundua baada ya siku 30 kwamba nimekosea, kurudi nyuma kutanigharimu nini? Kuuza kiwanja, kuuza mashine ya boti, kumtoa mtoto shule, kukopa kwa kuweka hati ya shamba, hayo hayarudiki au yanarudika kwa hasara kubwa. Hayo yalale angalau wiki mbili, na yasikizwe na watu wawili wasio na faida ndani yake (dalali si mmoja wao). Kuhamisha meza ya viazi karai upande wa pili wa barabara, kujaribu bidhaa mpya moja, kuomba kufunzwa kazi jikoni kwa jirani, hayo hurudika kwa siku moja. Hayo yaanze kesho asubuhi.

Kinachotokea hasa ni kinyume. Mtu huuza shamba ndani ya wiki ya kwanza, halafu hukaa mwaka mzima akifikiria kama ahamishe meza. Sababu yake inajulikana. Daniel Kahneman na Amos Tversky, walioanza kuchapisha juu ya jambo hili mwaka 1979, walikadiria mwaka 1992 kwamba hasara humgusa mtu kwa uzito wa zaidi kidogo ya mara mbili ya faida ya kiasi kile kile. Aliyepoteza mshahara yuko ndani ya hasara, na aliye ndani ya hasara huwa tayari kucheza pata potea ili arudi alipokuwa. Kwa upande mwingine, ile hasara ndogo ya kuonekana anauza viazi barabarani humjia imekuzwa maradufu. Dawa yake ni kuiandika hasara kwa ukamilifu: kwa shilingi ni kiasi gani, kwa heshima ni mbele ya nani, kwa muda ni miezi mingapi. Hasara iliyoandikwa ina mwisho. Na tafadhali wasemaji waache kumwambia mpishi mkuu wa miaka mingi kwamba kazi ni kazi. Cheo chake alikipenda, na kukipoteza ni msiba mdogo unaohitaji siku zake za kuliwazwa. Mkewe, wazee wake na rafiki zake wa maskani waambiwe mapema na yeye mwenyewe, kabla ya kumkuta kwenye karai.

Jambo la maana kuliko yote katika barua hii ni jaribio dogo lenye kikomo, na nitalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linalofanywa vibaya zaidi.

Tuchukue mama karanga, yaani mwanamke anayekaanga samaki na kuwauza. Wakati wa kusi mashua hazitoki kila siku, samaki ni haba, na yeye hukaa siku nzima mbele ya karai tupu. Amesikia semina ikimwambia afikirie makubwa, na makubwa aliyoyafikiria ni friza ya mkopo. Tuseme ni shilingi 45,000, alipe kwa miezi 10. Hiyo ni 4,500 kwa mwezi, au 150 kila siku, bado riba. Tuseme umeme ni 40 kwa siku. Kabla hajapata senti yake mwenyewe friza imeshakula 190. Je, wateja wake watanunua samaki wa barafu? Kwa bei gani? Umeme ukikatika itakuwaje? Hajui, na hakuna anayejua mpaka ajaribu.

Basi ajaribu bila kununua friza. Akodi nafasi kwenye friza ya mwenye duka la soda, anunue kilo 10 siku ambayo samaki wapo, azikaange na kuziuza siku ambazo mashua hazikutoka, akiongeza kadiri zinavyoisha. Jaribio liwe la siku 15, kwa sababu ndani yake mna bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), na soko la samaki halifanani katika nyakati hizo mbili. Akijaribu siku tano za bamvua pekee atadanganyika. Asijaribu ndani ya Ramadhani wala wiki ya Idi, maana mauzo ya siku hizo si ya siku nyingine. Kila jioni aandike mambo manne: kilo alizonunua, kilo alizouza, kilo zilizoharibika, na pesa taslimu mkononi baada ya kutoa bei ya samaki, mafuta, kuni na kodi ya friza.

Na kabla ya siku ya kwanza aandike mambo mawili mengine, amkabidhi mtu mwingine karatasi hiyo. Moja: pesa zote za jaribio hazitazidi 6,000. Pili: siku 15 zikiisha na wastani wa faida uko chini ya 300 kwa siku, nasimama. Kwa nini 300? Kwa sababu 190 ni za friza, na zinazobaki 110 ni za jasho lake na za kufidia siku mbaya. Kila mtu ana hesabu yake, muhimu ni kuwa kiwango kimetoka kwenye hesabu wala si kwenye matumaini.

Kwa nini karatasi ikae kwa mtu mwingine? Kwa sababu siku ya kumi na tano wastani ukiwa 240, mwenye jaribio atasema, "Ilikuwa wiki mbaya, niongeze kumi." Akiongeza kumi atasema nimeshatia pesa zangu, siwezi kuacha sasa. Pesa iliyokwisha kutoka hairudi ukiendelea wala ukiacha. La kuuliza ni kama shilingi ijayo itarudi na faida. Hal Arkes na Catherine Blumer walilionyesha hili mwaka 1985 kwa tikiti za maigizo: waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi mwanzoni mwa msimu kuliko waliouziwa kwa punguzo, ingawa maigizo yalikuwa yale yale. Mtu huenda kwa sababu kalipa. Biashara nyingi hapa mjini zinaendelea kwa sababu hiyo tu.

Wastani ukiwa 240 si kwamba mama karanga ameshindwa. Amenunua habari kwa shilingi chache ambayo angeinunua kwa 45,000 na usumbufu wa kudaiwa mbele ya majirani. Aangalie yale mambo manne: kama kilo zilizoharibika ndizo nyingi, tatizo ni umeme au kiasi anachonunua, kama zilizouzwa ni chache, tatizo ni bei au wateja. Abadilishe kitu kimoja tu, ajaribu tena siku 15. Akibadilisha bei na mahali na aina ya samaki kwa pamoja hatajua kipi kilichosaidia. Huko kubadilisha kimoja kimoja ndiko kukua kwenyewe, na hakuna msemaji anayekutaja kwa sababu hakuamshi makofi.

Sasa tabia za kila siku. "Nitajifunza kompyuta mwaka huu" ni nia, na nia peke yake hupotea. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia wa Ujerumani, aliandika mwaka 1999 juu ya mipango ya namna ya "likitokea hili, basi nitafanya lile", na tafiti nyingi zimeonyesha kuwa husaidia watu kutimiza waliyoyakusudia. Siri iko kwenye lile tukio la mwanzo. Lazima liwe kitu kinachotokea hakika na kinachoonekana. "Jioni" ni neno pana mno. "Nikitoka msikitini baada ya alasiri, kabla sijapita maskani, nitakaa dakika 20 na daftari" ni mpango. Mwenye kutumia saa za swala ana bahati, kwa sababu tayari ana nguzo tano ndani ya siku ambazo hazihitaji kukumbushwa.

Kwa mvuvi saa haifai. Maji kujaa husogea takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa kumi ya wiki hii yuko nchi kavu na saa kumi ya wiki ijayo yuko baharini. Mpango wake ufungwe kwenye tendo: "Nikishapima samaki kwenye mzani, kabla sijagawa pesa, naweka kando 100." Ndivyo akiba inavyowekwa na mtu ambaye siku yake haina ratiba. Kisha pawe na mpango wa pili kwa ajili ya kikwazo: umeme ukikatika, nitasoma daftari la mkono, mgeni akija nyumbani, nitafanya dakika tano badala ya 20. Mpango usio na kifungu cha kikwazo huvunjika siku ya kwanza ya harusi mtaani, na hapa kwetu harusi hazikosi.

Tusiwadanganye watu pia kuhusu muda. Ile habari ya siku 21 za kujenga tabia isemwayo kwenye semina haina msingi. Phillippa Lally na wenzake wa University College London, chuo kikuu cha Uingereza, waliwafuatilia watu 96 waliojaribu kuzoea jambo jipya, matokeo yakachapishwa 2010. Kati ya wale ambao takwimu zao ziliwezesha makadirio mazuri, nusu walikadiriwa kufikia kuzoea kwa siku 66, lakini tofauti ilikuwa kubwa: kutoka siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo aliyefika siku ya 22 na bado anajilazimisha, asijione mvivu. Yuko njiani kama wengi. Ramadhani ikiingia katikati, ratiba yote itapinduka. Iandikwe mapema ratiba ya mwezi huo, fupi zaidi, pengine baada ya daku, badala ya kuacha na kuahidi kurudi baada ya Idi.

Kwenye kujifunza kwenyewe nina neno moja tu la ufundi. Watu wazima husoma somo, hulisoma tena, wakahisi wamelielewa. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilijaribu hili mwaka 2006. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikumbuka asilimia 81 na waliofunga kitabu na kujaribu kuandika wanachokumbuka walipata 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walibaki na 42, waliojipima walikuwa na 56. Yaani njia inayokupa raha leo ndiyo inayokuacha mikono mitupu wiki ijayo. Mhudumu anayejifunza Kijerumani aandike sentensi 10, afunge daftari, aziseme bila kutazama, asahihishwe. Kisha arudie siku ya pili, ya nne, ya nane na ya kumi na sita. Atakwama sana mwanzoni. Kukwama huko ndiko kunakojenga kumbukumbu, na ni vyema aambiwe mapema asije akadhani kichwa chake kimezeeka.

Kuona haya ni kizuizi kikubwa kuliko uzee. Nahodha wa miaka 55 hatakubali kufunzwa simu na kijana wa miaka 19 mbele ya maskani nzima. Basi asifunzwe mbele ya maskani. Vikao vitatu vya kwanza viwe vya watu wawili, na viwe vya kubadilishana: kijana amwonyeshe namna ya kupokea maombi ya wageni kwenye simu, naye amwonyeshe kijana miamba, mikondo na dalili za upepo unaogeuka. Kijana asiseme, "Kwani hujui hii?" Aseme, "Ami, nionyeshe pale unapokwama." Mzee naye asinyang'anywe simu mkononi ili afanyiwe haraka; aliyefanyiwa hakujifunza. Hili la kunyang'anya simu ndilo kosa la kila siku, na hufanywa kwa mapenzi kabisa.

Kwa vyama vinavyotaka kubadilisha mradi, kuna zoezi alilolieleza Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 2007. Kabla ya kupitisha uamuzi, mwenyekiti aseme: "Tuchukulie mwaka umepita na mradi huu umekufa. Umekufa kwa nini?" Kila mtu aandike peke yake kwanza, kisha wasome, wakianza na mdogo wa umri. Mzee akianza, wengine watasema "nakubaliana na mzee", na sababu zilizokuwa vichwani zitarudi nyumbani. Wasiojua kuandika wamnong'oneze katibu pembeni. Zichaguliwe sababu tatu zilizotajwa na wengi, na kila moja ipewe mtu na tarehe ya kuishughulikia. Bila jina na tarehe, zoezi zima ni porojo.

Ombi langu kwa wanaogharamia semina hizi Malindi, Magarini na hata Lamu ni dogo. Saa zile zile wanazolipia ukumbi kwa siku mbili wazigawe kwa wiki nne, vikao vya nusu siku, mtaani kwa watu, kuanzia Aprili wakati hoteli zimepunguza kazi na watu wana nafasi. Kila mshiriki atoke na karatasi ya safu tatu, jaribio moja lenye kikomo cha pesa na cha siku, na mpango mmoja wa "likitokea hili". Bajeti iwe na fungu la mkufunzi kuwatembelea watu wale wale Juni, Agosti na Oktoba, awakute kwenye karai, kwenye boti au dukani, afungue daftari lao na kuuliza siku 15 zilileta nini. Na ripoti inayopelekwa kwa mfadhili isihesabu waliohudhuria; ihesabu majaribio yaliyofanywa, yaliyosimamishwa kwa wakati, na yaliyoendelea.

Mkufunzi wa stadi za kazi kwa watu wazima,
Shela, Malindi